Kura 1,565 na Duka la Mtaani Kwetu

Ndugu msomaji, kabla hatujaanza, chukua kalamu uiandike nambari hii pembeni ya ukurasa: 1,565. Ukiitazama hivi hivi si kitu. Ni watu ambao hawajazi hata kiwanja kimoja cha mpira siku ya fainali. Lakini kwetu Pemba nambari hiyo ilifunga maduka, ilivunja ndoa, iligawa misikiti, na ilimfanya bibi yangu mzaa mama akatae kumuosha shoga yake alipokufa.

Mimi si mwanahistoria. Nimemaliza Kidato cha Nne tu, na hamu yangu kubwa ni kuandika riwaya. Lakini kila nikikaa kitako kuandika riwaya ya kwetu, habari hii husimama mlangoni ikanizibia njia. Basi nimeona niipishe ipite kwanza.

HESABU YA 1995

Tarehe 22 Oktoba 1995 Wazanzibari walikwenda vituoni kumchagua Rais katika uchaguzi wa mwanzo wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964. Wagombea walikuwa wawili. Wa CCM alikuwa Dk. Salmin Amour, maarufu Komandoo, aliyekuwa madarakani tangu 1990. Wa CUF alikuwa Maalim Seif Sharif Hamad, mtoto wa Mtambwe hapa hapa Pemba, aliyekuwa Waziri Kiongozi kuanzia 1984 mpaka 1988, kisha akafukuzwa CCM, kisha akawekwa ndani kuanzia 1989 mpaka 1991.

Siku nne watu walikaa roho juu. Bibi anasema redio ilikuwa haizimwi. Betri zikiisha huanikwa juani juu ya bati, zikipata uhai kidogo hurudishwa. Tarehe 26 matokeo yakatangazwa. Salmin: kura 165,271, asilimia 50.2. Seif: kura 163,706, asilimia 49.8. Toa moja kwa nyengine. Unapata ile nambari uliyoiandika pembeni.

Waangalizi wa kimataifa walieleza kwamba hesabu zilikuwa na kasoro. CUF ikakataa kumtambua Rais, na Wawakilishi wake wakasusia vikao vya Baraza. Nchi wafadhili zikasimamisha misaada yao kwa Zanzibar. Katika viti 50 vya kuchaguliwa, CCM ilipata 26 na CUF 24. Lakini tazama viti hivyo vilivyokaa: majimbo yote 21 ya Pemba, bila kubakia hata moja, yalikwenda CUF. Ikawa sasa si chama na chama tu. Ikawa kisiwa na kisiwa.

Hayo yameandikwa vitabuni. Sasa nikupe yaliyobaki vibarazani.

Kijijini kwetu, si mbali na Wete, kulikuwa na duka moja la maana. Mwenyewe alikuwa mzee wa ASP ya zamani, mtu wa CCM damu damu. Mkewe alikuwa shoga wa bibi yangu. Walikuwa wakisuka ukili kibaraza kimoja, na msimu wa karafuu wakichambua makonyo pamoja mpaka usiku wa manane, kucha zao zikawa nyeusi. Baada ya matokeo, watu wa mtaani wakaacha kununua pale. Hapakupigwa mbiu. Nilimuuliza bibi nani alitoa amri, akanicheka.

"Amri ya nini, mjukuu wangu? Siku moja ulimuona jirani anapita na chupa yake ya mafuta ya taa, analipita duka, anakwenda la mbali. Kesho yake ukaona haya kuingia wewe. Basi."

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Mafuta ya taa ya hatua hamsini yakafuatwa nusu saa kwa miguu. Wa CCM nao hawakukaa kimya. Palikuwa na watumishi wa serikali wenye asili ya Pemba waliopoteza kazi baada ya uchaguzi ule, na kila aliyepoteza kazi aliamini yupo jirani aliyempeleka jina. Masheha walionekana majasusi. Harusi zikawa na rangi, magari ya abiria yakawa na vyama, na pakawa na misikiti ambayo watu walihama ili wasisimame safu moja na fulani.

Mwaka uliofuata mke wa mwenye duka akafariki. Bibi yangu ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake pale mtaani. Walikuja kumwita alfajiri. Hakutoka. Akaketi nyuma ya mlango na kanga yake mdomoni mpaka waliokuja wakachoka kubisha. Walikwenda kumchukua muosha kijiji cha tatu, na maziko yakachelewa mpaka baada ya adhuhuri.

Msomaji mwenzangu, unajua kama ninavyojua: kumuosha, kumkafini, kumsalia na kumzika Muislamu ni faradhi ya watu wote, wakifanya baadhi imewaondokea wengine. Kisheria bibi hakubaki na deni. Lakini mwaka wa jana aliponihadithia, mikono yake ilikuwa ikitetemeka.

KILA UPANDE UNA DAFTARI LAKE

Nilipokuwa mdogo nilidhani ugomvi huu ulizaliwa 1995. Nilipoanza kusoma na kuuliza wazee, nikagundua kwamba 1995 ni ukurasa wa katikati tu. Na nikagundua jengine lililonishangaza zaidi: pande zote mbili zina daftari la kuibiwa, ila kila upande unasoma la kwake.

Rudi nyuma mpaka Januari 1961. Zanzibar bado iko chini ya Muingereza, na vyama vikubwa ni ASP ya Sheikh Abeid Amani Karume, ZNP iliyojulikana kwa jina la Hizbu, na ZPPP ya Sheikh Mohammed Shamte, mtu wa Pemba. Viti vilikuwa 22. ASP ilipata 10, ZNP 9, ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake, hapa kisiwani petu, ASP ilikipata kwa kura moja. Kura moja tu! Fikiri mtu aliyechelewa kwa sababu punda wake alikata kamba. Kisha wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku, mmoja kule, ikawa 11 kwa 11 na serikali haikuundika.

Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka ule ule. Safari hii zilizuka fujo Unguja na watu 68 wakafa. Mpaka leo wazee huziita vita vya Juni. Watu walikuwa wameishi pamoja, wameoleana, wamesoma chuo kimoja cha Kurani, na wakauana kwa mapanga.

Halafu Julai 1963. ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, kama asilimia 54. Lakini viti vyake vilikuwa 13 katika 31, kwa sababu ya jinsi majimbo yalivyokatwa. ZNP na ZPPP wakaungana kwa viti 18, Sheikh Shamte akawa Waziri Mkuu, na uhuru ukapatikana tarehe 10 Disemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, 12 Januari 1964, yakawa Mapinduzi.

Sasa elewa mambo yalivyo. Mwenye duka wa mtaani kwetu, kijana wa ASP wakati ule, alikuwa na daftari lake la 1963: tulipata kura nyingi, tukanyimwa nchi. Babu yangu, aliyekuwa ZPPP, alikuwa na la kwake: tulipewa uhuru, ukatudumu mwezi mmoja. Juu yake akaongeza kurasa za baada ya Mapinduzi, kwani Pemba ilionekana kisiwa cha waliopinduliwa. Wazee wa kwetu wanakumbuka viboko vya hadharani, na wanakumbuka miaka ya njaa ya mwanzo wa sabini. Wanakumbuka vile vile karafuu. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba. Mnunuzi kwa sheria alikuwa mmoja tu, Shirika la serikali, na bei alipanga yeye. Mkulima alipanda juu ya mkarafuu, mwanawe alianguka akavunjika mguu, karafuu zikaanikwa kwenye majamvi, zikapelekwa kwenye mizani, na fedha ya kigeni ikenda Unguja. Bei ya dunia ilipoanguka miaka ya themanini, hata kile kidogo kikakauka. Aliyethubutu kuvusha magunia usiku kwenda Kenya aliitwa mtu wa magendo.

Kwa hiyo ile 1995 watu hawakuipigia kura 1995 peke yake. Walipiga kura na madaftari ya baba zao mikononi. Kura 1,565 ziliangukia juu ya nyasi zilizokwisha kukauka miaka thelathini.

BABA ALIVYOVUKA

Baada ya 1995 mambo yalizidi. Kuanzia mwisho wa 1997 viongozi na wafuasi 18 wa CUF walikamatwa, wakashitakiwa kwa uhaini. Juni 1999, kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, ukatiwa saini Muafaka wa kwanza. Karatasi ikatiwa saini, utekelezaji ukalala.

Mwaka 2000 ulikuwa wakati wa kubadilisha Rais. Salmin alikwisha maliza vipindi viwili. Palikuwa na harakati za kubadili Katiba aendelee, zikakwama ndani ya chama chake mwenyewe. CCM ikamsimamisha Amani Abeid Karume, mtoto wa Rais wa kwanza. Watu wengi walitaraji sura mpya italeta upepo mpya. Lakini tarehe 29 Oktoba vifaa vilichelewa, vituo vikavurugika, na Tume ikafuta uchaguzi katika majimbo 16 ya Mjini Magharibi, ukarudiwa tarehe 5 Novemba. CUF ikasusia marudio. Karume akatangazwa kwa asilimia 67. Wale 18 wa uhaini wakaachiwa mwezi ule ule, lakini jeraha lilikwisha kufunguka.

Tarehe 27 Januari 2001, siku ya Jumamosi, CUF iliitisha maandamano ya kudai uchaguzi urudiwe. Serikali ikayapiga marufuku. Watu wakatoka. Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani risasi za moto zilipigwa. Askari polisi mmoja naye aliuawa Micheweni. Tume iliyoundwa na serikali chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu waliokufa 31. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilisema si chini ya 35, na majeruhi zaidi ya 600. Hata wafu wetu, msomaji, hatukukubaliana idadi.

Baba yangu alikuwa na miaka ishirini na sita. Anasema hakubeba kitu, hata jiwe. Usiku ule askari walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta wanaume. Alilala mikokoni siku mbili, maji yakijaa anapanda juu ya mti, yakitoka anashuka. Siku ya tatu akapata nafasi kwenye mashua iliyokuwa ikivuka kwenda Shimoni, Kenya. Mama alibaki. Alikuwa na mimba yangu ya miezi minne.

Zaidi ya watu 2,000 walivuka Mlango wa Pemba namna hiyo. Baadhi yao walipelekwa kambi ya Dadaab, na wengine wakafika mpaka Mogadishu. Hebu fikiri mtu anayekimbilia Somalia ya 2001 kutafuta usalama! Na hii ni Tanzania, nchi iliyopokea wakimbizi wa Burundi, Rwanda na Kongo kwa malaki. Safari hii ilikuwa ni sisi tuliosimama kwenye foleni ya unga.

Tarehe 10 Oktoba 2001 Muafaka wa pili ukatiwa saini, na baba akarudi. Mimi nilikuwa na miezi mitatu. Mama anasema alinichukua mikononi, akanitazama, jambo la kwanza akauliza, "Duka la mzee bado lipo?" Alitaka kujua kama vita vimekwisha. Duka lilikuwapo. Hakuna aliyekwenda kununua.

NUSU KILO YA SUKARI

Uchaguzi wa 2005 ulipita na mabishano yake, Muafaka wa pili nao ukadorora. Kisha likatokea jambo lisilotazamiwa. Tarehe 5 Novemba 2009 Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu Zanzibar, wao wenyewe, bila ya msuluhishi wa kigeni. Hayo tukayaita Maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni: mnataka serikali ya umoja wa kitaifa, ambamo chama cha pili kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais? Asilimia 66.4 wakasema ndiyo.

Bibi yangu alisema ndiyo. Kesho yake asubuhi akavaa buibui lake, akachukua pesa, akatoka. Mimi nilikuwa na miaka tisa, akanishika mkono. Nikadhani tunakwenda la mbali kama siku zote. Alipokata kushoto nikamvuta, nikamwambia, "Bibi, umepotea njia." Hakunijibu. Tukaingia pale ambapo tangu kuzaliwa sijawahi kuingia.

Mzee alikuwa nyuma ya mizani, amezeeka, miwani imefungwa uzi. Bibi akatoa salamu. Akaitikiwa. Akasema, "Nipimie nusu kilo ya sukari." Nyumbani sukari tulikuwa nayo, niliiona. Mzee akapima taratibu, akafunga kwenye karatasi, akasema bei. Bibi akashtuka.

"Ghali hivyo?"

"Bi Mkubwa," mzee akasema, "imepanda tangu siku ile uliyonunua mwisho."

Wakacheka wote wawili. Kisha bibi akaacha kucheka, na mimi nikaambiwa nikacheze nje.

Oktoba 2010 ulikuwa uchaguzi wa nusu kwa nusu tena. Dk. Ali Mohamed Shein, naye mzaliwa wa Pemba, alipata asilimia 50.1, Maalim Seif 49.1. Tofauti ilikuwa kura 3,471. Nambari ya namna ile ile iliyotuvunja 1995! Lakini hapakufungwa duka wala hapakuvuka mashua. Kwa nini? Si kwa sababu tulikuwa wema zaidi. Ni kwa sababu aliyeshindwa hakubaki nje ya nyumba. Maalim Seif aliyakubali matokeo, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na jirani wa CUF na jirani wa CCM kila mmoja akawa na mtu wake ndani.

Hilo ndilo nililolipata katika historia hii yote, na ndilo ninalotaka kulisema. Nchi iliyogawanyika nusu kwa nusu haitawaliki na nusu moja. Mshindi akichukua vyote, anachukua na ugomvi. Tulijua hivyo 1961, zilipokuwa 11 kwa 11, lakini tukachagua kurudia kuhesabu mpaka mmoja azidi. Ilituchukua karibu miaka hamsini kukaa pamoja badala ya kuhesabiana.

WAKIIFUTA TENA

Ningependa kuishia hapo, lakini nisingekuwa mkweli. Tarehe 28 Oktoba 2015, siku tatu baada ya kupiga kura, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wote. Ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF ikasusia, Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, na serikali ya umoja ikavunjika. Mwaka 2020 damu ikamwagika tena Pemba. Dk. Hussein Mwinyi akatangazwa mshindi, na Disemba ile Maalim Seif, sasa akiwa ACT-Wazalendo, akakubali kurudi kuwa Makamu wa Kwanza. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, akazikwa kwao Mtambwe. Mwaka 2025 Dk. Mwinyi alitangazwa tena, na ACT-Wazalendo wakayakataa matokeo. Daftari halijafungwa.

Nakumbuka ile siku ya 2015. Nilikuwa na miaka kumi na nne. Redio ilipotangaza kufutwa, mtaa mzima ulinyamaza, na vijana wakaanza kusema maneno ya zamani: tusinunue kwao, tusiwazike. Niliwaona watoto wa rika langu, waliozaliwa baada ya 2001, wakiyasema kama waliyoyasomea. Mmoja aliyasema mbele ya kibaraza chetu. Bibi akatoka.

"Nyie mnasusa kitu msichokijua," akawaambia. "Miye nakijua. Kura wakifuta ni shauri lao na Mungu wao. Maiti n'taosha."

Mwenye duka alikuwa amekwisha kufa wakati ule. Alikufa 2013, na bibi alikuwapo matangani siku zote tatu, akipika. Kwa mkewe hana la kufanya tena. Kila Alkhamisi jioni humsomea Yasini, kumalizia pale alipokatisha 1996.

Ndugu zangu mnaotaka kuwa waandishi, nimeona riwaya zetu nyingi zikianzia na kuishia 1964, kama kwamba baada ya hapo hatukuishi. Kila nyumba ya Unguja na Pemba ina bibi aliyekaa nyuma ya mlango siku fulani, na ina mzee aliyefungua duka miaka kumi na tano pasi na mnunuzi. Nendeni mkawaulize, wa upande wenu na hasa wa upande wa pili. Muende mapema. Bibi yangu sasa anasahau majina ya wajukuu, ila nusu kilo ile ya sukari bado anaikumbuka bei yake.